Dawa ya sonona yataka subira na uangalifu

Na Mwandishi Wetu

KATI ya vifurushi ambavyo wafanyakazi wa mijini huwapelekea wazee wao huko Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, dawa hazikosekani. Mzee akilalamika kwa simu kwamba usingizi umempotea, chakula hakimpiti kooni, na hata jembe hana hamu ya kulishika, mwana aliye Dar es Salaam au Mwanza huingiwa na uchungu. Hukumbuka kwamba jirani yake alipata nafuu ya hali kama hiyo kwa vidonge fulani. Huvitafuta vidonge hivyo, huvifunga pamoja na sukari na majani ya chai, kisha humkabidhi kondakta wa basi. Kifurushi hufika salama. Lakini jambo lililofanywa kwa mapenzi huweza kuwa chanzo cha msiba.

Vidonge vinavyozungumzwa hapa ni dawa za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito na unyong'onyevu wa moyo usiokwisha. Ni dawa zenye manufaa makubwa, nazo zimewarudisha watu wengi kwenye kazi zao na kwenye familia zao. Hata hivyo hazifanani na dawa ya kutuliza kichwa, ambayo mtu humeza leo akaisahau kesho. Zina masharti yake, na asiyeyajua masharti hayo aweza kujidhuru au kumdhuru ampendaye.

WILAYA ZILIZOPITIA MENGI

Ngara ni wilaya iliyoko pembeni kabisa mwa nchi yetu, mahali ambapo mito Ruvubu na Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na ambapo Tanzania hupakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake. Watu wa huko ni wakulima wa migomba, maharage, kahawa, mahindi na pamba. Wengine ni wafugaji, wachimbaji wa dhahabu, na wafanyabiashara wa kando ya barabara kuu iendayo mipakani.

Wananchi hao wameona mambo mazito. Mwishoni mwa mwezi Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja wakikimbia mauaji na vita nchini Rwanda, na kambi ya Benaco ikageuka kuwa kama mji mkubwa katikati ya mashamba ya wenyeji. Mwezi Januari 2025 Biharamulo ilikumbwa na mlipuko wa homa ya Marburg. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huo, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuwa waliugua, 2 kwa uthibitisho wa maabara na 8 kwa kukisiwa, na wote walifariki dunia. Familia zilizofiwa zilibaki na majonzi, na pamoja na majonzi hayo hofu ya kutengwa na majirani.

Haifai kudhani kwamba kila aliyepitia mitihani ya namna hiyo ni mgonjwa. Kulia unapofiwa ni ubinadamu, na aghalabu mtu hupata nafuu kadiri siku zinavyopita, akisaidiwa na ndugu, majirani na ibada. Lakini wako ambao mzigo huo haushuki. Wako pia ambao hawakupatwa na msiba wowote unaoonekana, lakini wakaugua, kwa kuwa sonona huweza kumpata mwalimu, dereva, mama aliyejifungua karibuni, au mzee ambaye ghala lake limejaa.

DALILI NI ZIPI?

Daktari hufikiri juu ya sonona pale huzuni, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, kunapodumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2, na kunapoandamana na dalili nyingine: usingizi kupotea au kuzidi, chakula kutopanda, uchovu usio na kazi, kushindwa kutuliza mawazo, kujilaumu kupita kiasi, na pengine kuwaza kifo. Watu wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Husema kichwa kinawauma, mwili unawaka moto, au moyo unawaenda mbio. Mtu wa namna hiyo aweza kupimwa malaria mara tatu na kutibiwa mara tatu, asipone, kwa sababu ugonjwa wake ni mwingine.

Si kila sonona huhitaji vidonge. Iliyo nyepesi hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, kwa kurudi taratibu katika shughuli za kila siku, na kwa kuondoa, inapowezekana, jambo linalomsumbua mgonjwa. Dawa huwa na kazi kubwa zaidi pale ugonjwa ulipofikia kiasi cha kumzuia mtu kufanya kazi na kujitunza. Hata hapo, dawa na mazungumzo huenda pamoja.

DAWA HIZI ZILITOKA WAPI?

Mwaka 1952, madaktari wa hospitali ya Sea View mjini New York walikuwa wakijaribu dawa mpya ya kifua kikuu, iproniazidi. Waliona jambo wasilolitarajia: wagonjwa waliokuwa wamelala bila matumaini walichangamka na kupata hamu ya chakula. Miaka michache baadaye, mwaka 1957, daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba dawa nyingine, imipramini, iliwasaidia wagonjwa wa huzuni nzito. Kutoka ukoo huo ilizaliwa amitriptilini, iliyoanza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1961. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, mwaka 1977, amitriptilini ilikuwamo. Fluoksetini, ya ukoo mwingine, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987 na kuingia katika orodha hiyo ya dunia mwaka 2007.

Yafaa ieleweke pia kwamba amitriptilini hutolewa kwa maradhi mengine, kama vile maumivu ya mishipa ya fahamu kwa wenye kisukari na kichwa kinachouma mara kwa mara. Kwa hiyo anayeona jina hilo katika pakiti ya jirani asikimbilie kumwita mwenda wazimu. Kwanza huenda anatibiwa miguu. Na pili, hata kama anatibiwa sonona, sonona si wazimu.

SUBIRA YA WIKI ZA MWANZO

Jambo la kwanza ambalo mgonjwa hana budi kulijua ni kwamba dawa hizi hazifanyi kazi siku ileile. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na pengine huhitajika wiki 6 au zaidi kabla ya mtu kusema kwamba amerudi katika hali yake. Usingizi na hamu ya chakula huweza kutangulia; furaha huja nyuma.

Madhara madogo, kwa upande mwingine, huja upesi. Anayetumia amitriptilini huweza kukaukwa na mdomo, kusinzia, kufunga choo, kuona ukungu machoni, na kupata kizunguzungu anapoinuka ghafla. Anayetumia fluoksetini huweza kuona kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi au kuhangaika. Na kwa wengine hamu ya tendo la ndoa hupungua. Mgonjwa asiyeelezwa mambo hayo husema, "Dawa hii inaniua," akaitupa katika wiki ya kwanza, kabla hata ya kuanza kufaidi. Mengi ya madhara hayo hupungua mwili unapozoea. Anayekaukwa na mdomo anywe maji mara kwa mara. Anayefunga choo ale matunda na mboga za majani. Mzee ainuke kitandani polepole, akae kwanza ndipo asimame.

Kwa kuwa amitriptilini huleta usingizi, kwa kawaida humezwa wakati wa kulala. Fluoksetini humezwa asubuhi. Daktari huanza na kiasi kidogo, kisha huongeza hatua kwa hatua. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe kwa kutaka kupona haraka, na akisahau kumeza siku moja asimeze mara mbili siku inayofuata.

Wiki hizo za mwanzo zina hatari nyingine ambayo familia inapaswa kuiangalia kwa makini. Wakati mwingine nguvu za mwili hurudi kabla huzuni haijaondoka, na imeonekana kwamba baadhi ya vijana walio chini ya umri wa miaka 25 huzidiwa na mawazo ya kujidhuru mwanzoni mwa tiba. Kwa sababu hiyo daktari mwangalifu humwita mgonjwa arudi mapema, pengine kila wiki, naye humpa vidonge vya siku chache tu. Asidhaniwe kuwa ni mchoyo au kwamba dawa zimekwisha, anayalinda maisha.

NANI ASEME KABLA YA KUANDIKIWA?

Si kila mtu afaa kupewa kila dawa. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya macho, mwanamume mzee anayepata shida ya kukojoa, na mwenye kifafa, wote hawana budi kumweleza daktari kabla hajaandika cheti. Hali kadhalika aliyewahi kupatwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, akakesha siku kadhaa bila uchovu, akazungumza bila kikomo na kutapanya mali. Huyo huenda ana ugonjwa ambao dawa ya sonona ikitolewa peke yake humzidishia.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asianze wala asiache dawa bila shauri la daktari, maana sonona isiyotibiwa nayo ina hatari kwa mama na kwa mtoto. Watoto wadogo wasipewe kabisa dawa hizi kwa kukisia.

Sasa turudi kwa yule mzee aliyepelekewa kifurushi. Je, mwanawe alijua kama moyo wa baba yake ni mzima? Alijua kama ana shida ya mkojo? Jirani aliyepona alikuwa kijana wa miaka 30; mzee ana miaka 70. Kidonge ni kilekile, lakini mwili si uleule. Ndiyo sababu dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari.

MALARIA, TUNGULI NA POMBE

Ngara na Biharamulo ni sehemu zenye malaria. Dawa ya mseto yenye lumefantrini huweza kuzidisha kiasi cha amitriptilini kilichomo mwilini, na dawa hizo mbili kwa pamoja huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwinini nayo hutaka uangalifu wa namna hiyo. Hii haina maana kwamba mgonjwa wa sonona aache kutibiwa malaria, malaria huua. Maana yake ni kwamba anapokwenda zahanati akiwa na homa, achukue pakiti ya dawa yake na kumwonyesha mtoa huduma kabla ya kuandikiwa nyingine.

Wenye kutumia dawa za VVU au za kifua kikuu nao waseme, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huongeza au hupunguza nguvu ya dawa ya sonona. Anayetumia fluoksetini ajihadhari na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, maana zikiungana huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni. Tramadoli ikichanganywa na dawa za sonona huweza kuleta degedege na kutetemeka kwa hatari. Aliyekwenda kwa mganga wa tiba asili asione haya kusema. Daktari hataki kumgombeza, anataka kujua kilichomo tumboni mwake.

Juu ya pombe hakuna la kuzungusha. Katika mkoa wa Kagera pombe ya ndizi ina heshima yake katika harusi, matanga na mapatano. Hata hivyo pombe, iwe ya ndizi, ya chupa au gongo, huzidisha usingizi wa amitriptilini hadi mtu aanguke au apumue kwa taabu, na yenyewe hurudisha huzuni ile inayotibiwa. Mwenye dawa akikaa barazani na wenzake, apewe maji au juisi, wala asishurutishwe.

Madereva wa malori yapitayo Nyakanazi kuelekea Rusumo na Kabanga, waendesha pikipiki, na wafanyakazi wa mitambo na migodini wasishike usukani wala mashine mpaka wajue dawa imewakaa vipi. Dereva anayesinzia haponyeki kwa honi.

USIACHE GHAFLA

Mgonjwa anapoona amepona, huona hana haja tena ya vidonge. Hapo ndipo wengi hukosea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hushauri dawa iendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, ili ugonjwa usirudi. Wakati wa kuacha ukifika, daktari hupunguza kiasi kidogo kidogo, kwa muda wa wiki 4 au zaidi. Anayekata ghafla huweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, ndoto za kutisha na hamaki, akadhani amelogwa upya.

Wengine huogopa kwamba dawa hizi humfanya mtu kuwa mtumwa wake. Hazileti ile tamaa ya kuongeza na kuongeza kama dawa za kulevya zifanyavyo; mwili umezizoea tu, na hutaka kuagwa polepole. Zisichanganywe na diazepamu, ambayo watu wengi huiita dawa ya usingizi. Hiyo hutuliza kwa muda mfupi, haitibu sonona, na ikitumiwa kwa muda mrefu ndiyo hasa humfunga mtu.

Kwa mkaaji wa kijijini, kuacha ghafla mara nyingi si kwa hiari. Nauli imekosekana, mvua imeharibu njia, au zahanati haina dawa. Hapo ndipo mwana aliye mjini aweza kusaidia kweli. Badala ya kutuma vidonge alivyovichagua mwenyewe, atume nauli ya kwenda hospitali. Mzee akiisha kuandikiwa, familia ihesabu vidonge vilivyobaki na kujipanga wiki 2 kabla havijaisha. Ikiwa dawa haipatikani huko, cheti kipigwe picha na kutumwa mjini, dawa ileile ya kiasi kilekile inunuliwe katika famasi iliyosajiliwa, na daktari aliyeandika apewe taarifa. Vidonge vinavyouzwa mnadani bila pakiti wala tarehe ya mwisho wa matumizi visinunuliwe.

MAHALI PA KUKIMBILIA

Wilayani Ngara ziko hospitali za Murgwanza na Rulenge, zote zilizoanzishwa na makanisa, na Biharamulo ina hospitali yake. Zahanati na vituo vya afya ndiyo mlango wa kwanza. Mgonjwa aliyezidi huweza kupelekwa Bukoba au Bugando jijini Mwanza, na hospitali ya Mirembe mjini Dodoma ndiyo ya taifa kwa magonjwa ya akili. Madhara ya dawa yasiyo ya kawaida yaripotiwe kwa mtoa huduma, ambaye huyafikisha kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Nyumbani, vidonge viwekwe katika sanduku lenye kufuli, mbali na watoto, na ufunguo akae nao mtu mzima asiye mgonjwa. Amitriptilini ikimezwa kwa wingi huweza kuusimamisha moyo, na kwa mtoto mdogo hata vidonge vichache ni hatari kubwa. Ikitokea hivyo, usingoje dalili, usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa kwa kudhani yataondoa sumu. Mpeleke hospitali mara moja, na pakiti uichukue.

Ndugu akitamka kwamba maisha hayana maana tena, asipuuzwe wala asikemewe. Aulizwe kwa upole kama anafikiria kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake usiku huo. Dawa za kunyunyizia pamba na kahawa, kamba na vidonge viondolewe karibu naye, na kukicha asindikizwe kwa daktari. Akiwa amekwisha kushika silaha au sumu, msingoje kukicha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, simu itakapolia kutoka Ngara au Biharamulo na mzee akasema halali, muulize tangu lini, anakula nini, ana homa au hana, anatumia dawa gani nyingine, na nani anakaa naye. Kisha mtafutie mtu wa kumsindikiza hospitali kesho yake. Sukari na majani ya chai mpelekee kwa basi kama kawaida. Dawa aipokee kutoka kwa aliyempima.